Je, Wajua? Mvumo Unaokua na Mwendo Huenda Unatoka kwenye Gololi

Kwenye kilomita 40 kwa saa husikii kitu. Ukifika 60, mvumo mzito unaanza chini ya sakafu. Ukipita 90 umejaa gari zima, abiria wanapaza sauti ili wasikilizane, na dereva anaapa kwamba ni tairi. Huenda ni tairi kweli. Lakini kuna mshukiwa mwingine asiyeonekana kwa macho: beringi ya gurudumu.

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake zimepangwa gololi au roli zilizopakwa grisi. Katika magari mengi ya siku hizi pete ya nje imetulia, ya ndani inazunguka na gurudumu. Gari dogo la kilo 1,200 huegemeza wastani wa kilo 300 kwa kila gurudumu, na mahali ambapo gololi inagusa njia yake ni padogo kuliko punje ya mchele. Ndiyo maana ulaini wa uso wa chuma hicho ni jambo la kufa na kupona.

Wazo lenyewe ni la kale. Philip Vaughan wa Wales alipewa hataza ya gololi za ekseli ya gari la farasi mwaka 1794. Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi baiskeli wa Paris, alipata hataza yake. Kilichokosekana kilikuwa gololi zinazolingana, na hilo lilitatuliwa Ujerumani, mjini Schweinfurt, ambako Friedrich Fischer alibuni mwaka 1883 mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja hadi zikawa duara na sawasawa.

Sasa tuseme pete ya nje imepata kovu moja dogo, na beringi ina gololi 12. Msururu wa gololi huzunguka polepole kuliko gurudumu, pungufu kidogo ya nusu ya mwendo wake, kwa hiyo kila gurudumu linapozunguka mara moja, kovu hugongwa kama mara tano. Tairi lenye mzingo wa mita 2 likienda kilomita 20 kwa saa, hivyo ni vipigo 13 au 14 kwa sekunde. Ni vichache mno kuwa mvumo, kwani sikio la binadamu huanza kuunganisha mitetemo kuwa sauti moja inapofika kama 20 kwa sekunde. Kwenye kilomita 100 kwa saa, vipigo vinakaribia 70 kwa sekunde, na kila kimoja kina nguvu zaidi. Hapo ndipo gari linapovuma.

Utajuaje basi? Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari. Kama gari ni la gia za mkono, toa gia kwenye mwendo wenye mvumo, liteleze huku injini ikiwaka. Usiizime kamwe, maana utapoteza msaada wa breki na usukani. Mvumo ukibaki vilevile ilhali injini imetulia, wacha kuilaumu injini. Kisha sogeza usukani taratibu kushoto: uzito unahamia kulia, na mvumo ukizidi, kwa kawaida beringi mbovu iko kulia. Tairi lililolika vibaya hujifichua kwa njia nyingine: sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Difu iliyochakaa hulia unapokanyaga mafuta na kubadili sauti unapoachia.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la mkono. Gari likiwa juu ya jeki na stendi, tairi zilizobaki chini zimekabwa kwa mawe, fundi azungushe gurudumu huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi mbovu husikika viganjani kama mkwaruzo unaopanda kwenye springi, hata pale sikio linapokosea upande.

Beringi huharibikaje? Maji ya mafuriko yakipenya sili yake, grisi huharibika na kutu huanza. Mashimo ya barabarani nayo huacha vishimo kwenye njia za gololi. Lakini linaloniuma zaidi ni nyundo. Beringi mpya ikipigwa nyundo kwenye pete isiyo sahihi, nguvu yote hupita katikati ya gololi na kuacha makovu siku ileile inapofungwa. Mwenye gari amelipia kipuri kipya, akarudi nyumbani na mvumo mpya. Kazi hii ni ya mashine ya presi, na una haki ya kuidai.

Beringi iliyofika mwisho hupata joto, hulegeza gurudumu, na gurudumu linaweza kung'oka barabarani. Kwa hiyo, ukisikia mvumo huo, ahirisha safari ndefu, na kabla fundi hajakuandikia orodha ya vipuri, mwambie kwanza ashike springi.