Kumfundisha Daktari (3): Benchi la Wagonjwa wa Nje

Katika sehemu iliyopita tulimwacha daktari na mwalimu William Osler kando ya kitanda cha mgonjwa huko Baltimore. Nilikusudia kuendelea naye leo, lakini habari za makazi ya wakimbizi ya Nakivale zimenigeuza. Tangu Marekani ikate misaada mwaka 2025, huduma za afya katika makazi kama hayo nchini Uganda zimebanwa, na mzigo unawaangukia wagonjwa wa nje, watu wa benchi. Hao nimewatetea miaka mingi, kwa kuwa mafunzo ya udaktari huwasahau.

Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake walikokotoa, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, kwamba katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 huugua, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Na huyo mmoja ndiye tunayemfanya kitabu cha mwanafunzi!

Makerere, inayofundisha udaktari tangu 1924, ililiona hilo mapema. Mwaka 1959 kilifunguliwa kituo chake cha afya cha Kasangati, barabara ya Gayaza, ili mwanafunzi ajue mgonjwa anatoka nyumba gani, anakunywa maji gani. Daktari Maurice King, katika kitabu alichokihariri mwaka 1966, alisisitiza tiba itolewe karibu na nyumbani kwa mgonjwa kadiri inavyowezekana, katika kituo kidogo kabisa kinachoimudu kazi. Miaka sitini imepita, na bado sijasoma ushauri bora. Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanza mwaka 1989 na kitivo cha tiba, nacho hupeleka wanafunzi vijijini.

Lakini kupeleka si kufundisha. Fikiria benchi la Nakivale: mama kutoka Kongo amempakata mtoto anayekohoa; mwanafunzi ameshachukua daftari lake na kuanza kuandika. Mwalimu aliyeketi pembeni humzuia: “Kwanza msalimie mama.” Kisha nguo ya mtoto ipandishwe, pumzi zihesabiwe dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na zaidi ni za kasi. Kisha mwanafunzi aulizwe anadhani ni ugonjwa gani, na kwa nini. Somo limekwisha, foleni inasogea. Mwanafunzi asiye na mwalimu hapo hujifunza haraka tu, na haraka ni utovu wa heshima kwa mgonjwa.

Wakuu wa vitivo, gari la wanafunzi linalopita Kaberebere likielekea Nakivale lisiondoke Mbarara bila mwalimu ndani yake. Na wanafunzi wafundishwe Kiswahili kabla ya safari, ili waweze kumsalimia mama huyo.