Ukiwa kafili wako mwenyewe

Je, kampuni yako inaweza kukupeleka ng'ambo na kukuweka huko? Inaweza. Lakini soma haya kabla mama hajauza dhahabu yake.

Ukipita Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri hutakosa baraza ambapo vijana wanazungumza habari za safari. Zamani mazungumzo yalikuwa ya kuajiriwa tu: nani amepata kazi ya ulinzi Qatar, nani anaendesha lori Saudia. Siku hizi yamebadilika. Utamsikia kijana wa Kibokoni akisema kwa kujiamini, "Mimi siendi kumtumikia mtu. Nafungua kampuni yangu Dubai, na kampuni hiyo ndiyo itakayonipa visa."

Wazee hutikisa vichwa. "Mwanangu, mtu atajidhamini vipi? Kafili ni mtu mwingine!" huuliza.

Wazee wana haki ya kushangaa, lakini kijana hakosei. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu. Ina jina lake, cheti chake cha kuzaliwa, madeni yake na kodi yake. Yaweza kushtaki na kushtakiwa. Basi hata kama kampuni yote ni mali yako, kwenye karatasi wewe na hiyo kampuni ni wawili, na mmoja anaweza kumdhamini mwenzake. Huo ndio ufunguo wa jambo lote hili. Na hatari yake pia imo humo humo, kama utakavyoona.

Si jambo geni kisiwani

Mvita imejengwa na wageni waliokuja na biashara zao. Majahazi yaliingia Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji wake, ambaye alimpa chumba na kumtolea ushahidi sokoni. Kusi ilipoanza, wengine walirudi, wengine wakaoa na kubaki.

Mmoja wa waliobaki alikuwa A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyefika Mombasa mwaka wa 1890 na kuanzisha kampuni yake hapa. Kampuni hiyo ilipata kandarasi za kuleta wafanyakazi na mahitaji wakati wa ujenzi wa reli. Mwaka wa 1902 Jeevanjee alianzisha papa hapa Mombasa gazeti la African Standard, ambalo ndilo mzizi wa gazeti la Standard tunalolijua leo.

Mwingine ni Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo na kujifunza biashara Bagamoyo. Alieneza maduka kufuata njia za misafara, kisha reli, hadi Uganda. Alifariki mwaka wa 1916, na shule ya sekondari yenye jina lake bado iko kisiwani.

Watu hao hawakuulizwa hesabu za kampuni zao ndipo waruhusiwe kukaa. Duka la Allidina likifungwa, Allidina angebaki kuwa mkaazi. Wewe wa leo ni tofauti kabisa.

Mlango wa kwetu

Kabla hatujatazama ng'ambo, tutazame sisi wenyewe tunavyowapokea wageni. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011, mgeni anayetaka kufanya biashara yake hapa Kenya huomba kibali cha daraja G. Huandikisha kampuni, kisha huonyesha ushahidi kwamba ana mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Ikiwa kampuni imekwisha kufanya kazi, huleta pia hesabu zilizokaguliwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria za siku hizi zataka mgeni aje na jembe lake, na alionyeshe mlangoni.

Dubai: mlango wanaoujua wengi

Watu wa Mombasa wanaijua Dubai kwa ajili ya Deira, ambako mizigo ya nguo, simu na vipuri hununuliwa. Eneo huru la biashara la Jebel Ali lilianzishwa mwaka wa 1985, na ndani ya maeneo kama hayo mgeni aliweza kumiliki kampuni yote peke yake. Nje ya maeneo hayo ilikuwa lazima mwenyeji awe na asilimia 51 ya hisa. Sharti hilo liliondolewa kwa biashara nyingi kuanzia Juni 2021.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza hupatikana leseni ya biashara kwa jina la kampuni. Pili, kampuni husajiliwa katika idara ya uhamiaji ili iweze kudhamini watu. Tatu, kampuni hukuombea wewe mwenye mali kibali cha kuingia. Ukifika, hupimwa damu na kupigwa eksirei ya kifua, huchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, kisha hupewa ukaazi.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Aghalabu ukaazi huwa wa miaka miwili, ilhali leseni ni ya mwaka mmoja. Ada ya leseni huja tena mwaka wa pili hata kama hujauza kitu. Kuanzia Juni 2023 ipo pia kodi ya makampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. Usidhani kwamba kampuni isiyofikisha faida hiyo imesamehewa kujiandikisha kwa kodi. Kadhalika, leseni ya eneo huru si ruhusa ya kufungua duka popote mjini. Na ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, kwa kawaida ukaazi huo hupotea.

Kwa hiyo wakala anapokuambia, "Lipa mara moja tu, bwana, mambo yamekwisha," muulize: mwaka wa pili nalipa nini?

Milango mingine

Uingereza kampuni yaweza kumdhamini mfanyakazi kutoka nje, na wapo wanaotumia njia hiyo kujidhamini kupitia kampuni zao wenyewe. Lakini ni lazima kampuni ipate leseni ya udhamini, kazi iwe ya kweli, na mshahara ulipwe kikweli. Mnamo Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Duka dogo haliwezi kubeba mzigo huo.

Marekani ina viza ya wawekezaji iitwayo E-2, lakini hutolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba nayo. Ethiopia na Kongo zimo katika orodha hiyo. Kenya haimo. Anayekuuzia fomu ya viza hiyo kwa pasipoti ya Kenya anakuuzia hewa.

Labda utasema, basi nitavuka Lunga Lunga tu niende Tanga. Ni kweli kwamba mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, unazungumzia haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi jirani. Hata hivyo, Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Kenya ililalamika. Funzo kwetu ni kwamba hata mlango wa jirani wahitaji kuchunguliwa kabla ya kufunga virago.

Kampuni ikifa

Sasa turudi kwa yule kijana wa barazani. Tuseme amefaulu. Ameenda Dubai, amemchukua mkewe na watoto wawili, na watoto wameanza shule. Visa ya mke na watoto inategemea yake, na yake inategemea kampuni. Wote wanne wamening'inia kwenye msumari mmoja.

Aliyeajiriwa akiachishwa kazi, anaweza kutafuta mwajiri mwingine. Kijana wetu, biashara ikianguka, amepoteza kazi, mtaji na ukaazi kwa siku moja. Watoto hutolewa shule katikati ya muhula. Akiona haya na kuondoka kimya kimya bila kuifunga kampuni kwa utaratibu, faini huendelea kujilimbikiza kwa jina lake, na siku atakayotaka kurudi atazikuta zimemsubiri.

Na mtaji ulitoka wapi? Mara nyingi si wake. Ni bangili za mama, ni fungu la urithi katika nyumba ya babu, ni mchango wa shangazi. Kwa hiyo kampuni ikifa ughaibuni, matanga hukaliwa Mombasa.

Kaeni chini kwanza

Hatusemi watu wasiende. Wapo waliokwenda wakafanikiwa, na Mji huu usingekuwepo kama wageni wa zamani wangeogopa bahari. Tunasema familia ikae chini kabla pesa haijatoka, na ipate majibu ya maswali haya:

Biashara hii ina wateja sasa, au tunafungua kampuni ili tupate visa tu? Ikiwa ni kwa ajili ya visa tu, basi hiyo si biashara, ni kodi ya nyumba iliyopewa jina jingine.

Ada za mwaka wa pili zimewekwa kando, au tunategemea faida ambayo haijaonekana?

Nani ataandika hesabu? Kampuni ikiwa kafili, daftari lake lina uzito sawa na pasipoti yako.

Mambo yakiharibika, gharama ya kuifunga kampuni na nauli ya watu wote kurudi nyumbani ziko wapi?

Kilicho cha mama kimeandikwa kuwa ni deni, hisa, au zawadi? Andikeni mapema, mbele ya mashahidi, mkiwa bado mnapendana.

Anayeweza kuyajibu haya bila kigugumizi na aende, Mungu amjalie. Asiyeweza na aanze hapa hapa, Marikiti au Biashara Street, kwa duka dogo na daftari safi. Akijifunza kuilea kampuni nyumbani, siku moja nayo itaweza kumlea ugenini.