Shimo Jeusi na Kivuli Chake

Sisi wa Balambala kivuli twakijua. Saa sita mchana mbuzi na watu hugombania kivuli kimoja cha mgunga. Mti umezuia nuru, basi. Kivuli cha shimo jeusi si hivyo.

Shimo jeusi ni kitu kizito kilichojibana mno, hata nuru ikivuka mpaka wake hairudi. Nuru inayopita kando hupindwa. Nyingine humezwa, nyingine huzunguka kisha ikatoroka. Ndiyo maana picha ya shimo la galaksi ya M87, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, inaonyesha pete ya nuru yenye doa jeusi katikati. Doa hilo ndilo kivuli, nalo ni pana kuliko shimo lenyewe zaidi ya mara mbili. Uzito wa shimo hilo ni wa majua bilioni 6.5!

Sasa wenzangu darasani wanasema ati kivuli kikionekana, shimo limethibitishwa. Mimi sikubali upesi hivyo. Kwa hesabu za wanasayansi, kitu kingine kilichobanwa sana, kisicho na mpaka ule, chaweza pia kuacha doa jeusi. Tutavitofautishaje? Tutafute uso. Gesi ikiangukia kitu chenye uso, hugonga, ikapata moto na kung'aa. Shimo jeusi halina pa kugonga.

Na hapa Kenya yetu inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, tulipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kule Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani. Iliona Cen X-3 ikipiga kila sekunde 4.8, kama moyo: hiyo ni nyota ya nyutroni, ina uso, nayo inazunguka. Lakini Cygnus X-1 ilimetameta ovyo, bila mpigo. Kukosa mpigo peke yake si ushahidi. Uzito wake, majua 21 hivi, ndio uliokata kesi. Hakuna nyota ya nyutroni inayobeba uzito huo.

Kwa shimo la katikati ya galaksi yetu, lililotolewa picha tarehe 12 Mei 2022, wataalamu walipima mwanga wake wakakanusha uso unaopata moto na kung'aa. Vitu vingine visivyo na mpaka bado havijakanushwa vyote.