Daraja Limekupa Muda, Umempa Nani?

Unaikumbuka foleni ya pantoni pale Kigongo? Ukienda Sengerema au Geita ilibidi usubiri, siku nyingine zaidi ya saa nzima. Tulilalamika kweli! Lakini umekaa pale unalitazama ziwa, huna la kufanya, unashtukia unaongea na Mungu.

Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linatuvusha hadi Busisi kwa dakika chache. Raha tupu! Ila juzi nilivuka na mwenzangu kwenye basi, tukafika ng'ambo kila mtu na simu yake. Ziwa hatujaliona, hatujasemezana, na Mungu ndiyo kabisa. Muda wote tuliookoa umeliwa na meseji.

Usiilaumu simu peke yake. Martha wa Injili ya Luka hakuwa nayo, lakini alihangaika na shughuli za nyumbani huku Yesu ni mgeni wake. Mariamu, ndugu yake, aliamua kukaa chini na kumsikiliza.

Wewe ufanye nini?

- Asubuhi, sali kwanza, simu baadaye. Dakika 5 zinatosha kuanzia.
- Chagua foleni moja kila siku, ya benki au ya daladala. Simu ibaki kwenye pochi, uongee na Mungu.
- Kama mko wawili, salini pamoja kabla ya kulala, simu zikiwa sebuleni.

Mawazo yakitangatanga usijilaumu, rudi tu. Zamani pantoni ilikulazimisha utulie. Sasa ni wewe kuamua.