Krismasi ya Watoto Wetu Walio Qatar



Siku hizi ni vigumu kupata kijiji ambacho hakina mtoto aliyeenda kufanya kazi Uarabuni. Desemba ikifika, wazazi wao hungoja mambo mawili: simu na pesa. Visipokuja, maneno huanza. "Amesahau kwao." "Anakula raha huko." Tumeona ni vizuri tueleze vile sikukuu huwa huko hasa, tukichukua nchi ya Qatar kama mfano, ili sisi tulio nyumbani tusiwahukumu bure, na wanaojiandaa kwenda wajue wanakokwenda.

SIKU YENYEWE NI YA KAZI

Qatar ni nchi ya Kiislamu, na tarehe 25 Desemba si sikukuu ya serikali. Siku ya taifa lao ni tarehe 18 Desemba. Krismasi ikiangukia Jumatatu, mlinzi anaingia zamu yake na dereva anashika usukani kama kawaida. Jumapili pia ni siku ya kazi. Mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi, na makampuni mengine hutoa Ijumaa peke yake.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kampuni siku 3 za Idi ya baada ya Ramadhani, siku 3 za Idi ya kuchinja, siku 1 ya taifa, na siku nyingine 3 ambazo mwajiri huchagua. Kwa hivyo anayetaka Krismasi inampasa kuomba likizo mapema, ama abadilishane zamu na mwenzake. Wakristo na Waislamu hufanya hivi sana: wewe nishikie Krismasi, mimi nitakushikia Idi.

KANISA LIKO, LAKINI LINA MIPAKA YAKE

Watu wengi hapa hudhani huko hakuna kanisa. Liko. Nje kidogo ya katikati ya mji wa Doha, mahali panapoitwa Mesaimeer, serikali ilitenga uwanja wa makanisa. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa huko mwaka 2008. Waanglikana, Waorthodoksi na madhehebu mengine pia wana majengo yao hapo. Kwa nje huoni msalaba, na mlangoni kuna askari wa ukaguzi. Ibada za Ijumaa hujaa sana, kwa sababu ndiyo siku ambayo watu wana nafasi.

Mipaka yenyewe ni hii: kuhubiri ili kumgeuza Mwislamu ni kosa la jinai. Tena wakati wa Ramadhani ni kosa kula au kunywa hadharani mchana. Jambo hili si dogo, maana mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na karamu ikangoja jua lizame ama ikafanyiwa ndani ya nyumba.

MARAFIKI NDIO JAMAA

Katika Qatar karibu watu 9 kati ya 10 ni wageni: Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Wafilipino, Waafrika. Ugenini mtu wa kabila lingine anakuwa ndugu. Wakenya waliopata nafasi hukutana chumbani kwa mmoja wao, kila mtu akileta alichojaliwa: huyu kuku, yule mchele, mwingine unga wa chapati. Kama hakuna siku, sherehe husogezwa hadi Ijumaa ya karibu. Waislamu wa kwetu hualikwa, nao Idi ikifika huwaalika wenzao.

Kitu kimoja wajihadhari nacho ni harambee. Hapa kwetu kupitisha kofia ni jambo la kawaida, lakini huko kuchanga pesa bila kibali cha serikali ni kosa, hata kama ni za mgonjwa au za mazishi. Anayetaka kusaidia aulize kwanza kwa ubalozi.

WALE WASIOTOKA NJE

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni mabinti wanaofanya kazi za nyumbani. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inasema wafanye kazi saa zisizozidi 10 kwa siku, na wapate siku nzima ya mapumziko kila juma, ama "ofu" kama wanavyoiita. Lakini sheria ni kitu kimoja, na nyumba ni kitu kingine. Kuna wasioipata hiyo ofu miezi mingi, na kuna wanaonyang'anywa simu na pasipoti, ingawa kumshikia mfanyakazi pasipoti yake kumekatazwa. Kwa binti kama huyo Krismasi ni kufua na kupika tu. Ukimya wake si dharau. Huenda ni shida.

PESA YA KRISMASI

Tangu Machi 2021 mshahara wa chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na malazi na chakula au posho yake. Hizo ni kama shilingi 35,000 za Kenya kwa bei ya pesa ya hivi karibuni. Toa deni la ajenti, toa karo ya wadogo zake, uone kinachobaki. Mtu huyo hawezi kununulia ukoo mzima nguo na mbuzi.

TUFANYE NINI?

1. Tupige simu sisi kwanza. Saa za Doha ni sawa na za Nairobi. Tuulize "umelala vipi, umekula nini?" kabla ya kutaja pesa.

2. Familia iweke nakala ya pasipoti, mkataba, na jina la ajenti na la mwajiri.

3. Anayetaka kwenda ahakikishe ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na asome mkataba uone kama siku ya mapumziko imeandikwa.

4. Mtoto akinyamaza kwa muda mrefu tusikae tukinung'unika. Twende kwa ajenti na kwa ofisi za serikali. Kenya ina ubalozi Doha, na pia Riyadh, Kuwait, Abu Dhabi na Muscat.

5. Makanisani tuwataje kwa majina katika maombi ya mkesha, na tuwatembelee wazazi wao.

Mungu awalinde walio mbali, na atupe sisi moyo wa kuwasikiliza.