Kufukuzwa kazi ya Leta bila kusikilizwa

Ndugu wa chama, wengi wetu hapa Pweto tunangojea kazi ya Leta: mumoja kwa kilimo, mwingine kwa masomo, mwingine tribinali. Tunauliza sana namna ya kuingia. Namna mtu anatolewa, hakuna mwenye anauliza.

Tarehe 6 Novemba 1998, rais Laurent-Désiré Kabila alitia sahihi dekre namba 144. Kwa karatasi ile moja, majistra 315, ni kusema majuji na watu wa parquet, walifukuzwa kazi. Walishitakiwa rushwa, kuacha kazi, kukosa uwezo. Pengine wamoja walikuwa na makosa kweli. Lakini nani? Sheria ilitaka kila mumoja apite kwanza mbele ya Baraza Kuu la Majistra, ajue kosa lake, ajitetee. Haikufanyika.

Walienda Korti Kuu ya Kinshasa. Mwaka 2001 ikawajibu kwamba ile ni kazi ya serikali, yenyewe haiwezi kuiingilia. 68 kati yao walipeleka pia maneno yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003 Kamati ikasema Kongo ilivunja haki zao, irudishe watu kazini na kuwalipa fidia.

Kusikiliza mtu si kumuhurumia. Muhindi ukigeuka njano, hatuung'oe mbele ya kuangalia kama ni maji, mbolea ao wadudu. Mwenye kung'oa yote anapoteza mazuri, na ugonjwa wenyewe haujulikane.

Katiba ya 2006, kifungu 19, inakupa ruhusa ya kujitetea mwenyewe ao na avoka. Kifungu 61 kinaongeza: hata wakati wa état de siège, haki hiyo haiondolewe. Na kwa agent wa Leta kuna sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Soma sehemu ya nidhamu mbele ya siku yako ya kwanza ya kazi.

Siku mukubwa anakuandikia demande d'explication, usikasirike, usinyamaze. Jibu kwa maandishi, jibu kosa lenye limeandikwa, si lingine. Chunga kopi yenye tarehe na sahihi ya mwenye alipokea. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni mbali, maneno ya kinywa yanapotea njiani.

Na siku wewe ndiwe mukubwa, kumbuka wale 315.