Doa Jekundu Chini ya Pua ya Gari

Anayepita Ndia Kuu alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa na mikokoteni haijaanza kugombea nafasi na tuktuk, anaweza kujua gari la mizigo liliegeshwa wapi jana kwa kutazama chini tu. Doa jeusi ni oili ya injini. Maji matupu hayana neno, ni ya kiyoyozi. Doa jekundu lenye utelezi, tena karibu na mbele ya gari, ni jambo jingine. Mara nyingi hiyo ni oili ya giaboksi ya otomatiki, ile inayouzwa kwenye mkebe ulioandikwa ATF, na imevuja pale inapoingia au kutoka kwenye rejeta.

Wenye magari huuliza oili ya gia inatafuta nini kwenye rejeta. Giaboksi ya otomatiki huendesha gari kwa kusukuma oili, na oili hiyo hupata moto mkali. Ili ipoe, hutolewa kwa bomba hadi mbele ya gari, hupita katika kijibomba kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, kisha hurudi kwa bomba la pili. Maji ya rejeta huizunguka kwa nje na kubeba joto. Oili na maji hupakana bila kukutana. Moto huzidi gari linapojikokota, na kujikokota ndiyo mwendo wa Mji wa Kale: dereva yuko nyuma ya mkokoteni wa maji, mguu kwenye breki, upepo haumo, na giaboksi inaendelea kuchemka.

Liko pia suala la umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi hununua magari yaliyokaribia kikomo hicho. Maana yake ni kwamba mipira ya oili inaweza kufika Kilindini ikiwa na umri wa mtoto wa darasa la pili, na hakuna aliyeibadilisha. Hapa inakutana na joto na hewa ya chumvi. Mpira hukauka na kupasuka mwishoni, klipu hulegea, bomba la chuma hula kutu.

Kosa kubwa tunaloliona ni kufungua nati kabla ya kujua kinachovuja. Egesha gari mahali tambarare, tandika kipande safi cha boksi chini ya mbele, na uliache mpaka asubuhi. ATF mpya ni nyekundu ya kung'aa. Iliyotumika sana hugeuka rangi ya maji ya ukwaju, na ikiwa inanuka kuungua, giaboksi imeshapata moto kupita kiasi. Lakini rangi peke yake hudanganya, kwa sababu dawa ya maji ya rejeta nayo yaweza kuwa nyekundu. Dondosha tone katika kikombe cha maji: oili itaelea, dawa itayeyuka. (Kikombe hicho kisirudi jikoni, na dawa hiyo isiachwe chini. Ni sumu kwa paka, nao Mji wa Kale hawakosi.) Tazama pia chupa ya oili ya usukani, maana magari mengi hutumia oili nyekundu ya namna hiyo hiyo. Ikiwa imepungua humo, giaboksi yako haina kosa.

Ukishajua ni oili ya gia, tafuta inakotoka. Gari linapotembea upepo huirusha oili nyuma, hata chini yote ikawa imelowa. Kwa hiyo pangusa kila kitu kikauke, funga breki ya mkono, weka gia kwenye P, na uiache injini iwake dakika kama 10. Kisha mulika kwa tochi, mkono na nguo vikiwa mbali na feni. Sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa ndiyo chanzo. Pengine ni mwisho wa mpira pale ulipovishwa, au nati ya bomba la chuma, au kiungo kinapoingia kwenye tangi la plastiki la rejeta. Usisahau bomba lenyewe linapopita nyuma ya bampa, kwa sababu huko kutu hufanya kazi bila kuonekana.

Kuna uvujaji mwingine usioacha doa lolote, na huo ndio wa kuogopwa. Kijibomba cha ndani kikitoboka, maji na oili huchanganyika. Gari likiwa limepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uone kama kuna mafuta yanayoelea, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Ukiona rangi ya faluda, usiliwashe gari tena. Maji huharibu sahani za msuguano zilizomo ndani ya giaboksi. Hapo rejeta hubadilishwa na giaboksi husafishwa yote, na kila kilomita unayoongeza inapunguza matumaini ya kuiokoa.

Uvujaji wa nje ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwangalifu. Injini iwe imepoa. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi na tairi zizuiwe kwa vigogo, mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Weka beseni chini. Mpira ubadilishwe kwa mpira wa oili ya gia inayochemka. Mpira wa maji au wa petroli hufanana nao dukani lakini hulainika baada ya muda mfupi. Klipu ziwe mpya, za kukazwa kwa bisibisi. Nati ya bomba ifunguliwe kwa spana mbili, moja ikishika kiungo cha rejeta na nyingine ikizungusha nati, la sivyo kiungo huzunguka pamoja na kulipasua tangi la plastiki, na kazi ya mpira inageuka kuwa ya rejeta mpya. Kipete cha mpira kilichomo kwenye kiungo kibadilishwe. Kuzungushia utepe mweupe wa mafundi wa mabomba hakusaidii, na vipande vyake huweza kuingia kwenye mkondo wa oili.

Hila moja tunaiona sana: fundi huunganisha mipira miwili kwa pamoja na kuiruka rejeta. Doa hutoweka, mwenye gari hufurahi. Oili sasa haipoi popote, na kwa joto la Mombasa hiyo ni njia ya kuiua giaboksi taratibu. Hila nyingine ni kuambiwa giaboksi nzima ibadilishwe kwa sababu gari linachelewa kushika gia au injini inanguruma bila gari kusonga. Dalili hizo hutokea pia oili ikiwa imepungua tu. Mwombe fundi akuonyeshe mahali palipolowa kabla hujalipa.

Baada ya matengenezo jaza oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au juu ya kijiti, nusu lita nusu lita. Magari mengi yenye kijiti hupimwa injini ikiwa inawaka na ina moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Kujaza kupita alama hutoa povu, na povu haliendeshi gia.

Iliyobaki kwenye beseni ni taka hatari. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti jukumu la mifereji ya maji ya mvua mjini. Mifereji ya Mji wa Kale huteremka baharini, huko huko madau yanakofunga na samaki wanakoshushwa. Oili itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko, isichanganywe na kitu kingine, na akabidhiwe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Gereji nyingi kubwa wanaye. Iliyomwagika barabarani isioshwe kwa sabuni, kwa kuwa sabuni huisukuma mferejini. Mwagia mchanga au unga wa msumeno kutoka kwa seremala wa jirani, uache unywe, fagia, tia kwenye mfuko. Ufanye hivyo mapema: mvuta mkokoteni akiteleza na mzigo mgongoni mwake, au mzee anayetoka msikitini alfajiri, hatakuwa na muda wa kuuliza ni oili ya gari gani.

Usiku tatu zifuatazo tandika tena boksi safi mahali pale pale. Likiamka kavu zote tatu, kazi imekwisha. Likiwa na tone hata moja, mrudie fundi nalo boksi mkononi.